Jiwe la Visigino vya Mama Mkwe

Nimeuza mapanga, majembe, tupa na mawe ya kunolea katika soko la Nyeri tangu nilipoacha shule, na shule niliiacha mapema. Jiwe nalijua. Kwa hiyo sikupendezwa siku Sumeya, binti ya Dawud kinyozi, aliposimama mbele ya kibanda changu, akachukua jiwe langu la bei ya juu kuliko yote, akalidondoshea maji kutoka kwa chupa yake, akalitazama kidogo, kisha akalirudisha kama mtu anayerudisha nyanya iliyooza.

"Hili linakunywa maji kama ng'ombe," alisema.

"Ni jiwe, si glasi. Wenye bucha wote wa mji huu wananunua hilo."

"Na nyama imewahi kulalamika? Mimi nanyoa watu, Bwana Ngatia."

Alichukua jingine, akapitisha ukucha wa kidole gumba juu yake, polepole. Lililofuata akaligonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Mengine hakuyagusa hata. Watu waliokuja kununua panga walisimama kumtazama, wakasahau panga. Aliposhukuru na kwenda zake, mmoja wao aliniuliza kama mawe yangu ni mabaya. Nilimwambia mawe ni mazuri, mbaya ni yule mama.

Kinyozi cha Dawud kiko Majengo, chumba kimoja chenye kiti kimoja cha chuma. Mimi nilikuwa nanyolewa Gatitu kwa mashine, kwa sababu ni haraka. Lakini cha Dawud nilikijua, kama kila mtu mjini. Hapo wananyoa kwa wembe wa kukunja, ule mrefu wenye mpini. Ukutani kuna misumari, na kwenye kila msumari kuna kifuko cha kitambaa chenye wembe wa mteja mmoja. Wembe wako haumgusi mtu mwingine. Dawud aliweka sheria hiyo zamani, watu walipoanza kuogopa nyembe za kushirikiana, na wateja wakampenda kwa ajili yake. Kuna waliokuwa wakitoka Murang'a kuja kunyolewa pale, kwa sababu tu wembe wao uliwangoja ukutani.

Sasa mkono wa Dawud umeanza kutetemeka. Sumeya ndiye amekuwa akinoa nyembe za baba yake tangu akiwa msichana, na akinyoa watoto na wagonjwa nyumbani kwao. Mkono wake hauna kasoro. Shida ilikuwa jiwe. Dawud alikuwa na mawe matatu: la kwanza la kurekebisha makali yaliyomeguka, la pili la kuyanyoosha, na la tatu la kumalizia. Hilo la mwisho ndilo roho ya kazi. Nalo lilianguka kwenye sakafu ya saruji likapasuka vipande. Dawud anasema meza ilitikisika. Sumeya anasema sawa, ni meza.

Bila jiwe la kumalizia, nyembe zilianza kukwaruza. Wateja hawakugombana. Walikuja mmoja mmoja, wakaomba vifuko vyao, wakaondoka. Misumari ikabaki mitupu. Na Mwenda, anayeuza vifuniko vya simu mlango wa pili, akaanza kumletea Dawud mandazi kila asubuhi na kumuuliza kama chumba hakimchoshi.

Dawud alimwambia binti yake wazi, mbele za watu: "Mimi nimenyoa kichwa changu maisha yangu yote. Sasa mkono hauwezi, na mashine sitaki. Siku utakaponinyoa nisihisi kitu, chumba ni chako. Mwezi ukiisha na bado nina nywele, Mwenda anaingia na vifuniko vyake."

Kwa hiyo mji mzima ukawa unatazama kichwa cha Dawud. Nywele nyeupe ambazo hakuna aliyewahi kuziona zilianza kutoka chini ya kofia yake, na kila mtu alijua maana yake.

Sumeya aliporudi kwangu nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimeagiza mawe Nairobi, ya kiwandani, ya pande mbili. Nilikuwa pia na jiwe bapa la mto Chania, la aina ile ambayo wazee wetu walinolea mapanga. Hilo la mto alilishika akacheka.

"Hili ni la kuzuia mlango."

"Babu yangu alinolea hilo."

"Alikuwa ananoa wembe?"

"Panga."

"Basi alikuwa na haki."

Kisha akafanya jambo ambalo hakuna mteja amewahi kunifanyia. Alivuta kiti, akaketi, akatoa wembe na kioo kidogo cha kukuzia, kile cha fundi saa. Alilaza wembe juu ya jiwe langu la Nairobi, mgongo na makali vyote vikigusa jiwe, akausukuma mbele kwa makali, akaugeuza kwa mgongo wake, akaurudisha. Hakukandamiza. Uzito wa wembe wenyewe ulimtosha. Baadaye akanipa kioo.

"Angalia makali."

Niliangalia. Makali yalikuwa na meno, msumeno mtupu.

Akatoa mfukoni kipande cha lile jiwe lililopasuka, kidogo kuliko kiberiti, akapitisha ncha tu ya wembe juu yake, akanipa tena. Sehemu ile ya ncha ilikuwa mstari mmoja ulionyooka. Nilitazama meno, nikatazama mstari, nikarudi kwa meno. Nimeuza mawe maisha yangu yote na sikuwahi kuona kile linachofanya jiwe. Hasira yote niliyokuwa nayo juu ya mama huyu iliisha hapo, na sioni aibu kusema hivyo.

"Sasa unatafuta jiwe la namna gani?" nikamuuliza, safari hii nikitaka kujua.

"Jiwe lisilo na haraka. La kumalizia halitakiwi kukata, linatakiwa kupangusa. Ukilidondoshea maji yakae juu, yasizame. Na ukucha ukipita juu yake unateleza, lakini unajua umeshikwa."

Aliposema hivyo kidole changu gumba kilikumbuka. Kilikumbuka kabla yangu. Endarasha, nyumbani kwa wakwe zangu, bombani, kuna jiwe la kijani kilichofifia, rangi ya sukuma wiki iliyochemka kupita kiasi. Nilikuwa nimenawa mikono hapo, sabuni ikiwa juu ya jiwe, na kidole kikapita. Kiliteleza, lakini kilijua kimeshikwa.

Nilimwambia Sumeya kuna jiwe. Sikumwambia shida yake.

Shida ni hii. Kwetu mtu na mama mkwe wake huheshimiana kwa umbali. Siingii chumbani mwake, simtazami sana usoni, na habari za mwili wake si maneno ya mdomo wangu. Na lile jiwe mama mkwe anasugulia visigino. Utaombaje jiwe la visigino bila kutaja visigino? Niliona heri nimtume mke wangu, Wangechi.

"Baba Muchiri," Wangechi aliniambia, "umejuaje kuna jiwe mahali mama anaogea?"

"Si mahali anaogea. Ni bombani."

"Anaosha miguu bombani."

"Nilikuwa nanawa mikono."

"Ulikuwa unanawa mikono ukichunguza jiwe la miguu ya mama yangu. Na sasa unalitaka, ulipeleke kwa mwanamke mwingine."

"Ni la kunoa nyembe."

"Ati nyembe. Hii nyumba haijawahi kuwa na kisu kinachokata nyanya bila kuiponda, na wewe ndiye unauza mawe."

Hilo lilikuwa kweli.

Siku iliyofuata Wangechi alifunga kisu cha jikoni kwenye gazeti akashuka Majengo bila kuniambia. Alirudi na kisu kinachokata nyanya kwa uzito wake, na kitambaa kimefungwa kidoleni.

"Nilikigusa tu," alisema. "Yule si mwanamke mwingine. Yule ni fundi. Tunaenda Jumamosi, lakini maneno utasema wewe."

"Mama Muchiri, si unajua siwezi."

"Tutaona."

Tulipanda na pikapu yangu kupitia Mweiga, Wangechi katikati, Sumeya dirishani akiwa amepakata jiwe langu kubwa la Nairobi, kwa sababu alisema atalihitaji. Nyuma nilipakia sanduku la mawe mengine, na lile la mto Chania nikalitia ili kuzuia sanduku lisiteleze. Endarasha kulikuwa na baridi ya kuuma masikio. Mama mkwe wangu, Ngendo, alikuwa uani akichagua viazi vya mbegu. Alitusalimia, akamshika Sumeya mkono kwa muda mrefu kuliko kawaida, akaugeuza na kuutazama, kisha akatuletea chai.

Tulikunywa. Nilimtazama Wangechi. Wangechi alitazama chai.

"Muthoni," mama mkwe akaniita, maana ndivyo wakwe wanavyoitana kwetu, "umetoka mbali na baridi hii. Neno ni lipi?"

"Mama, kuna jiwe."

"Mawe ni mengi hapa."

"La bombani."

"Bombani kuna la kukanyaga, kuna la kuwekea ndoo."

"Lile la kijani."

"Sijui rangi za mawe. La kufanyia nini?"

Wangechi alikuwa ameinamia kikombe, mabega yakitikisika. Nilitazama viazi.

"La sabuni," nikasema.

"Aa, la visigino," mama mkwe akasema, kwa sauti ile ile ya kusema viazi, na mzigo nilioubeba kutoka Nyeri ukaanguka hapo kwa neno moja. "Si ungesema. Lichukueni mlione."

Sumeya alilileta mwenyewe kutoka bombani, amelishika kwa mikono miwili. Upande wa juu ulikuwa umelika, umekuwa bonde, kazi ya visigino vya miaka. Akaligeuza. Upande wa chini, uliokaa juu ya ukuta wa bomba bila kuguswa, ulikuwa bado karibu bapa. Akadondosha maji. Yalikaa juu, mviringo, yakiangalia mbingu. Akapitisha ukucha. Akaupitisha tena, na safari hii alifumba macho.

"Mama, hili lilikuwa la nani?"

"La mzee wangu. Alikuwa fundi wa mbao, alinolea patasi na randa. Alipokufa vyombo viliuzwa. Hili hakuna aliyelitaka, walisema halinoi. Wanasugua na kusugua, panga haliingii makali."

"Lisingenoa panga," Sumeya alisema. "Ni kama kumtuma hakimu akapalilie."

Mama mkwe alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Nafikiri ni hapo alipompenda.

Kilichofuata nilikitazama kwa makini kuliko nilivyowahi kutazama kazi ya mtu. Sumeya aliomba maji moto na magadi, akalisugua jiwe mpaka mafuta ya sabuni yakatoka. Akachora mistari ya penseli juu ya upande ule bapa, huku na huku, kama daftari la mtoto. Halafu akalowesha jiwe langu kubwa na kusugua jiwe juu ya jiwe. Kila baada ya muda alilinyanyua tuone. Mahali palipoinuka mistari ilifutika kwanza, palipobonyea ikabaki. Alisugua mpaka mstari wa mwisho, uliokuwa umejificha kwenye pembe, ukapotea. Jiwe likawa bapa kama maji ya beseni.

"Kwa kazi hii," aliniambia akinirudishia langu, "jiwe lako ni zuri."

"Nilikuambia tangu siku ya kwanza."

"Uliniambia ni la nyama."

Akatoa wembe mpya usio na mwenyewe, akaupitisha kwenye mawe ya baba yake aliyokuja nayo mkobani, la kwanza na la pili, kisha akaja kwa lile la kijani. Hapo alibadilika. Mabega yalishuka, mdomo ukafumba. Wembe ulikwenda na kurudi, na maji juu ya jiwe yakaanza kuwa na kivuli cha kijivu, kidogo sana. Mwishoni maji yalikuwa yanakimbia mbele ya makali kabla hayajafika. Alipangusa wembe, akaupiga kwenye mkanda wa ngozi, huku na huku, mgongo ukitangulia. Akang'oa unywele mmoja wa kichwa chake, akaushika wima, akaugusa kwa wembe. Nusu ya unywele ilianguka juu ya kiazi.

Mama mkwe alikuwa ameacha viazi zamani.

"Mimi hunyolewa kichwa," alisema. "Tangu nizeeke sitaki mzigo wa nywele. Lakini wajukuu wananikatakata na hivi viwembe vya duka. Wewe unaweza kichwa cha mtu mzima?"

"Naweza, mama."

Mkono wake ukaenda kwenye kitambaa cha kichwa, nami nikasimama upesi, nikaenda mpaka kwenye ua wa miti, nikatazama shamba la kabichi la jirani. Kichwa kitupu cha mama mkwe si cha macho yangu. Kwa hiyo jambo nililotafuta jiwe lile kwa ajili yake, sikuliona. Nililisikia.

Nilisikia maji, na brashi ya povu. Halafu sauti ndogo kavu, sawasawa, kama moto unaposhika majani makavu mbali. Mimi nimesikia nyembe zikinyoa. Wembe butu unakwaruza, unakwama, unaanza upya. Huu haukukwama. Nilikuwa nikiwaza nywele ngumu za mzee, mikunjo ya ngozi, mfupa wa nyuma ya sikio ambapo kila kinyozi anakata mtu. Nilisimama nikingoja mama mkwe aseme "ai." Kabichi za jirani nazijua mpaka leo.

"Umeanza?" nikamsikia mama mkwe akiuliza.

"Nimemaliza upande mmoja, mama."

Nilisikia kiganja kikipita kwenye ngozi tupu.

"Basi endelea," mama mkwe akasema.

Aliponiita nirudi, kitambaa kilikuwa kichwani, naye aliketi ameuweka mkono juu yake, kama anayelinda kitu alichopewa. Sumeya alikuwa anakausha wembe. Alipoutia kwenye kifuko, mama mkwe alimzuia.

"Huo ni wa nani?"

"Sasa ni wako. Nitautundika kwetu ukutani. Ukija Nyeri utaukuta."

"Na jiwe?"

Sumeya alishusha kifuko. Alilitazama jiwe, akaweka mkono juu yake. Mwezi ulikuwa unakaribia kuisha na yeye alijua.

"Lichukue," mama mkwe akasema. "Lakini visigino vyangu je? Muthoni, si wewe unauza mawe?"

Nilileta sanduku lote kutoka kwenye pikapu, na lile jiwe la kulizuia nikaliweka chini kando. Niliona nimepata mteja mwepesi. Alichukua la kwanza, akalikuna kwa ukucha.

"Hili litanichubua."

La pili akalidondoshea chai.

"Hili linakunywa."

"Mama, na hili? Linatoka Nairobi."

"Laini mno. Kama mkwe anayeficha neno."

Wangechi alilazimika kuingia jikoni. Mama mkwe alipekua sanduku mpaka chini, akayaweka yote kando, kisha macho yake yakaenda kwenye jiwe la mto Chania, ambalo hata sikuwa nimelileta kwa kuuza. Akalishika, akalipima mkononi, akalisugua kwenye kiganja.

"Hili," alisema. "Kwa nini ulikuwa unalificha?"

Ijumaa asubuhi niliacha kibanda nikashuka Majengo. Si mimi peke yangu. Watu walisimama nje wakijifanya wanatazama vifuniko vya simu. Mwenda alikuwa amekuja na mandazi yake. Dawud aliketi kwenye kiti cha chuma, akavua kofia, na zile nywele nyeupe zikaonekana zote.

Alianza kulalamika kabla wembe haujamgusa. Maji ni baridi. Mlango unaingiza upepo. Povu ni jingi mno, anaoshwa au ananyolewa? Sumeya aliweka kidole kwenye paji la uso wa baba yake, akavuta ngozi, akashusha wembe. Dawud aliendelea kulalamika juu ya kodi, juu ya vijana wa siku hizi. Katikati ya neno akanyamaza. Hakusema tena mpaka mwisho. Nilimwona amelegeza shingo, yeye ambaye hajawahi kumlegezea mtu shingo.

Alipopanguswa, alipitisha kiganja kichwani, mbele na nyuma, na kurudi kinyume cha nywele zilikoelekea. Mkono ulitetemeka, lakini haukukwama popote.

"Lete jiwe," alisema.

Akapewa. Akapitisha ukucha. Akalinusa.

"Lina harufu ya sabuni."

"Lilikuwa la visigino, baba."

"Visigino vya nani?"

Chumba kizima kilinigeukia.

"Vya mtu wa heshima," nikasema.

Dawud alilaza jiwe mezani, akalisukuma mbali na ukingo, mpaka likagusa ukuta. Kisha akamgeukia Mwenda.

"Mandazi yako ni matamu. Usiache kuleta. Ila kuanzia leo utampa mwenye chumba, ndiye yule."

Mwenda ana moyo mzuri, nitamsifu kwa hilo. Alimpa Sumeya mandazi pale pale.

Wateja wamerudi, si wote, lakini misumari mitupu inapungua. Mama mkwe hushuka kutoka Endarasha kila nywele zikianza kumwasha, na siku hiyo mimi hupita barabara nyingine. Mashine ya Gatitu nimeiacha. Nimenunua wembe wangu, Sumeya ameunoa kwenye lile jiwe la kijani, na nikinyolewa huwa nasahau kama kuna kitu kinanigusa. Nilimwomba jambo moja tu, naye akalifanya bila kucheka sana: kifuko changu akitundike kwenye ukuta mwingine, usiotazamana na ule wenye kifuko cha mama mkwe.